Jalada la Mama Dobi

Katika masjala ya Halmashauri hakuna mtu aliyewahi kufa. Watu wa mle "huhitimisha utumishi". Hakuna aliyewahi kuiba. Kuna "upungufu wa mali ya umma". Hata choo hakipo, kuna "maliwato ya watumishi", na ukimwuliza mlinzi choo kiko wapi anakuonyesha kwa kidole bila kufungua mdomo, maana na yeye alishaonywa. Yote hayo yalikuwa kazi ya mtu mmoja, mkuu wa masjala, ambaye wenzake walimwita Bwana Orodha. Walianza kumwita hivyo kwa kumcheka. Yeye akalipenda jina, akawa analiitikia kama alilopewa na wazazi.

Masjala ile ilikuwa na majalada elfu sitini, yamepangwa kwenye rafu kwa namba tu, jinsi yalivyoingia, la leo pembeni ya la jana. Namba huijui mpaka uione kadi, na kadi zilikaa kwenye droo ndefu za mbao zilizopangwa kwa maneno. Zamani kila karani aliandika kwenye kadi neno lililomjia. Mmoja aliandika "nyumba", wa pili "makazi", wa tatu "mabanda", na ukitafuta jambo moja unavuta droo tatu huku mteja anakusonya dirishani. Hilo lilikuwa tatizo la kweli, na Bwana Orodha, tusimnyime haki yake, ndiye aliyeliona. Akatunga orodha ya maneno yaliyoidhinishwa, kila jambo na neno lake moja. Maneno mengine aliyawekea kielekezo: "Banda, tazama Makazi." Juu ya kila neno aliandika neno pana linalolimeza, chini yake maneno finyu linayoyameza lenyewe. Toleo la kwanza lilikuwa na maneno mia nane, na kwa mwaka mmoja watu walipata majalada yao upesi.

Angeishia hapo angekuwa mtu wa maana. Lakini mtu akisifiwa sana kwa kufagia ua, kesho atafagia na vifaranga. Toleo la pili likawa na maneno mia tano. La tatu, mia tatu na kumi na mawili. Kila toleo jipya lilipotoka, kadi za maneno yaliyofutwa zilitolewa kwenye droo ili ziandikwe upya kwa neno jipya. Zile zisizopata neno la kuzibeba, zile alizoziita "za lugha ya mtaani", zilitiwa kwenye pipa nyuma ya jengo na kuchomwa moto. Majalada yake yalibaki rafuni, kila moja na namba yake, na hapana kiumbe aliyejua ni namba gani.

* * *

Tangazo lilibandikwa asubuhi mlangoni mwa nyumba namba kumi na saba, kwa gundi nyingi mno, kana kwamba kuna mtu angependa kuliiba. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili na baraza, katika safu ya nyumba arobaini walizojengewa zamani wafanyakazi wa hospitali. Mle waliishi Bwana Orodha, mkewe Mama Pacha, pacha wao wa miaka sita, na mwenye nyumba hasa, mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Dobi. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja. Sabuni na dawa zilikuwa zimemla ngozi ya mikono mpaka viganja vikawa vyeupe na laini kuliko vya mtoto, na alama za vidole zilikuwa zimekwisha.

"Soma," mama alimwambia mwanawe. "Macho yangu hayaoni herufi hizi."

Akasoma. Kila mkaazi wa safu ile alipewa siku ishirini na moja kupeleka ushahidi wa haki ya ukaazi dirisha namba tatu la Halmashauri, kabla ya saa tisa alasiri ya Ijumaa ya mwisho. Asiyepeleka atakabidhi nyumba. Ushahidi utakaoletwa baada ya hapo hautapokelewa.

"Basi hilo si neno," mama akasema, akarudi kuketi. "Barua yangu si unayo wewe?"

"Ipo masjala, mama."

"Najua ipo masjala. Uliitoa sandukuni kwangu kwa mikono yako. Nikakwambia iache, ukasema panya."

"Iko mahali salama kuliko sanduku."

"Sanduku liliikalia miaka kumi na tisa," akasema Mama Pacha kutoka kwenye cherehani, bila kuinua macho kwenye pindo la sketi aliyokuwa akiishona. "Na panya hawakuila."

"Mama Pacha, karatasi ya serikali mahali pake ni masjala."

"Sawa, Baba Pacha. Kesho iondoe mahali pake uilete mahali petu."

Mama akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwa mabega, bila sauti, na mwanawe hakukipenda kicheko kile tangu utotoni. Alihisi kimemjua.

* * *

Kesho yake alivuta droo ya "Makazi" akiwa na uhakika wa mtu anayeingiza mkono kwenye mfuko wake mwenyewe. Kadi haikuwapo. Akavuta "Watumishi wa Afya". Haikuwapo. Akavuta "Hati za Ukaazi", kisha "Stahili", kisha akakaa kwenye kiti akaanza kukumbuka, na kadiri alivyokumbuka ndivyo shati lilivyozidi kumganda mgongoni.

Kadi ile aliipiga chapa mwenyewe, enzi za toleo la kwanza, chini ya neno "Madobi". Lilikuwa neno halali wakati huo, na ndilo lililokuwa kwenye barua. Katika toleo la pili aliona kwamba dobi ni neno la mtaani, akaandika "Madobi, tazama Wafuaji", akajiona amefanya jambo. Halafu hospitali ikaipa kampuni kazi ya kufua. Alipokuwa akiandaa toleo la tatu akafikiri hivi: wafuaji hawapo tena kwenye ajira, na kitu kisichokuwapo hakihitaji neno. Akalikata kwa kalamu nyekundu, saa nne asubuhi, chai ikiwa bado ya moto. Kadi zote za wafuaji zikaenda kwenye pipa. Barua ya mama yake sasa ilikuwa ndani ya jalada moja kati ya elfu sitini, na aliyelipoteza ni yeye, tena kwa kufuata kanuni aliyoitunga yeye.

Mtu mwingine angelia, au angemwendea Mkuu wa Idara amwambie ukweli: makarani watano wapewe wiki moja, wapekue rafu zote, jambo liishe. Bwana Orodha hakuthubutu. Angetakiwa kuandika ripoti, na katika ripoti angeandika sababu. Akaanza kupekua peke yake, saa ya chakula cha mchana, jalada baada ya jalada, huku akikohoa vumbi. Siku yenye baraka alimaliza majalada mia tatu. Ukipiga hesabu hiyo utaona kwamba angemaliza mwaka unaofuata.

Nyumbani alisema, "Tunalishughulikia." Siku ya tano alisema hivyo, ya kumi alisema hivyo. Majirani walikuwa wamekwisha kupeleka barua zao zilizolala chini ya magodoro na ndani ya makopo, barua zenye mafuta, zenye matundu ya mende. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mtoto masjala.

* * *

Siku ya kumi na nane, Jumanne, Mama Dobi alijifunga kitambaa chake kizuri, akamchukua mkwewe, akaenda ofisini mwenyewe. Kaunta ilikuwa na foleni ya watu kumi na wawili. Karani wa kaunta, binti mwembamba aliyekuwa kazini pale mwaka wa tisa, akamwamkia, "Shikamoo, mama," akampa fomu na kumsogezea ile orodha iliyofungwa kwa mnyororo kama mbwa.

"Marahaba, mwanangu. Nataka barua yangu ya nyumba."

"Hapa pa kwanza, mama, inabidi tuandike neno. Lazima liwe moja kati ya yaliyomo humu."

"Andika dobi."

Karani akatazama chini. "Halimo, mama."

"Mfuaji?"

"Lilikuwamo. Limetolewa."

Nyuma mtu akauliza kwa sauti kama leo wanaandikisha harusi, mbona foleni haisogei. Bwana Orodha akasikia kelele, akatoka ndani, na alipomwona nani amesimama kaunta akatamani arudi. Lakini watu walikuwa wamekwisha kumwona. Akaweka mkono kwenye tai.

"Kuna tatizo gani hapa?" akauliza, akimwangalia karani. "Mteja aelezwe kwamba anapaswa kuchagua neno lililoidhinishwa."

"Mteja gani?" akasema Mama Pacha.

"Mimi si mteja," mama akasema. "Mimi mama yako."

Foleni yote ikaangua kicheko. Bwana Orodha akainama kaunta, akapunguza sauti. "Mama, hapa ni ofisini."

"Naona. Basi niambie hapa ofisini mimi ni nani. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nafanya nini kule?"

Akafungua orodha. Alikuwa na haja gani ya kuifungua, na anaijua kwa moyo kama sala! Aliifungua ili asimtazame. "Ungeingia hapa," akasema, akiweka kidole. "Watumishi wa Afya, Wasio Wataalamu."

"Wasio wataalamu." Mama akavitazama viganja vyake vyeupe, kisha akamtazama yeye. "Wewe mtaalamu ushawahi kutoa damu ya uzazi kwenye shuka jeupe, likarudi jeupe?"

Mtu wa mwisho kwenye foleni alisema, "Mzee wa watu mwacheni," na Mama Pacha akamshika mama mkono wakaondoka. Fomu ilibaki kaunta, mahali pa neno patupu.

* * *

Foleni ilipokwisha, karani akagonga mlango wa ofisi ya ndani. Alikuwa ameshika daftari la shule la kurasa mia, lenye jalada lililofifia.

"Bosi, usinifokee."

Bwana Orodha alilitambua daftari lile. Mwaka uliopita alipiga marufuku orodha zote za pembeni, na karani alimwapia kwamba lake amelichoma. Ndani yake aliandika maneno ya watu wanavyoyasema wanapofika kaunta, na mbele ya kila neno namba ya jalada. Halikuwa na neno pana wala finyu. Lilikuwa na "kesi ya ukuta wa yule mwenye duka", "malipo ya wazibua mitaro", "shamba lililoleta ugomvi". Ndilo lililoiendesha masjala, na kila mtu mle ndani alilijua hilo isipokuwa mwenye masjala.

"Ulisema ulilichoma."

"Nilisema, ndiyo." Akafungua ukurasa. "Hapa. 'Barua ya mama yake bosi, dobi, nyumba.' Namba ishirini na tatu elfu, mia nane na sita. Niliandika siku ile ile uliyoileta."

"Hilo siyo neno la orodha."

"Siyo neno, bosi. Ni jalada la mama yako."

Bwana Orodha alilipata kwa dakika nne. Lilikuwa rafu ya juu kabisa, limefunikwa na vumbi, na barua ilikuwamo, imekunjwa jinsi mama alivyokuwa akiikunja. "Mwenye barua hii, dobi wa hospitali, atakaa katika nyumba namba kumi na saba maisha yake yote, pamoja na walio chini yake, bila kubughudhiwa na ofisi yoyote." Sahihi, muhuri, tarehe. Alikaa kwenye ngazi ya rafuni akaisoma mara mbili na akashukuru Mungu kwa moyo wote, na huenda hiyo ndiyo dakika moja ya wiki ile aliyokuwa binadamu.

* * *

Jalada halitoki masjala bila fomu, na fomu haina maana bila sahihi ya Mkuu wa Idara. Kanuni hiyo pia ilikuwa yake. Akaenda kwa Mkuu wa Idara akiwa na jalada kwapani na fomu mkononi, na kabla hajafungua mdomo akakaribishwa kiti. Hiyo peke yake ilikuwa habari, maana Mkuu hakuwa na desturi ya kukaribisha watu viti.

"Wageni wa Wizara wanakuja keshokutwa," Mkuu akasema. "Wanakuja kwa ajili yako, bwana. Orodha yako wanataka kuipeleka nchi nzima. Wewe ni hazina! Nimewaambia, huyu mtu akistaafu tutajuta."

Alimvisha kilemba cha ukoka mpaka kikafika mabegani, naye Bwana Orodha akanyoosha shingo ili kikae vizuri.

"Kuna nafasi ya Mratibu wa Istilahi. Nafasi ya hadhi hiyo mtu hakai nyumba za safu, unanielewa? Sasa sikiliza. Watazifungua fomu zote za wiki hii, moja moja. Watataka kuona kila jalada limepatikana kwa neno lililoidhinishwa. Nisije nikaona fomu ya kubahatisha. Haya, ulikuwa unasemaje?"

Kwenye fomu kulikuwa na mstari: "Neno lililotumika kupata jalada." Alikuwa bado hajaujaza.

"Nilikuja kukuhakikishia kwamba maandalizi yanaendelea," akasema Bwana Orodha.

Akarudi ofisini kwake, akalitia jalada kwenye droo ya meza, akafunga kwa ufunguo. Angeweza kuitia barua mfukoni na kwenda nayo zake. Barua ya mama yake, ya nyumba ya mama yake, aliyoitoa mwenyewe kwenye sanduku la mama yake! Lakini kuchukua waraka bila fomu ni "upungufu", na yeye hakuwa mtu wa upungufu. Akajiambia wageni wanakuja Alhamisi na mwisho ni Ijumaa, bado atabaki na siku moja. Akajiambia cheo kikija na nyumba mama atahamia penye vyumba vinne, asahau safu. Mtu mwoga hakosi hesabu ya kumtetea.

"Vipi?" mkewe alimwuliza jioni ile.

"Bado tunatafuta."

"Yule binti wa kaunta anaonekana ana akili. Umemwuliza?"

"Atajua nini yule," akasema, akaomba maji ya kunywa.

* * *

Wageni hawakuja Alhamisi. Walipiga simu kwamba gari limeharibika, watafika Ijumaa saa tatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini jalada likabaki drooni.

Alfajiri ya Ijumaa alimkuta mama yake amekwisha kuwasha makaa na kuyatia kwenye pasi. Shati jeupe lilikuwa juu ya meza. Alikuwa amelinyoosha Alhamisi, likavaliwa bure, na usiku akalifua tena. Alirusha maji kwa ncha za vidole, akapitisha pasi mara moja tu kila mahali, bila kurudia, na kola ikasimama imara.

"Wakubwa wanakuja kukuona," akasema. "Usiende umekunjamana."

"Asante, mama."

"Na ile barua, leo ndiyo mwisho."

"Najua, mama. Nitahangaika nayo."

"Najua utahangaika," mama akasema, akamfungia kifungo cha juu kama siku za shule.

Wageni walifika saa tano. Walikunywa soda, wakala biskuti, wakasikiliza hotuba ya Mkuu wa Idara, kisha ya makamu wa Mkuu wa Idara. Wakavuta droo na kuzirudisha, wakafurahia jinsi zinavyoteleza. Wakafungua fomu sita, wakachoka, wakazifunga. Mgeni mmoja, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, aliuliza swali lenye akili pekee lililosikika siku ile: "Na mwananchi wa kawaida akija na neno lake mwenyewe?"

"Tunamwelimisha," akajibu Bwana Orodha.

Wakapiga makofi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu, na bado kulikuwa na shukrani, picha ya pamoja, na picha nyingine kwa sababu katika ya kwanza Mkuu alikuwa amefumba macho. Karani wa kaunta alikuwa amesimama nyuma na sinia la chupa tupu. Alimtazama bosi wake, akatazama saa, akamtazama tena. Bwana Orodha akaigeuzia kamera uso.

Gari la wageni lilipoondoka alikimbia. Kwenye mstari wa neno aliandika "Makazi", uongo mtupu, akamsainisha Mkuu aliyekuwa amelewa sifa na hakusoma kitu, akashuka ngazi mbili mbili. Tai ilikuwa imemrukia begani. Dirisha namba tatu lilikuwa limefungwa, na ndani mtu wa idara ya nyumba alikuwa akifungasha kikombe chake kwenye mfuko.

"Ndugu yangu, nimeleta ushahidi wa namba kumi na saba."

"Saa tisa imepita. Dakika ishirini na tano."

"Mimi ni wa humu humu!"

"Ndiyo maana unaijua kanuni kuliko sisi. Orodha imeshapelekwa juu. Ya kumi na saba imeandikwa haina ushahidi."

"Nikate rufaa?"

"Rufaa ni ya walioleta ushahidi ukakataliwa. Ninyi hamkuleta." Akasema bila chuki, akafunga zipu ya mfuko wake.

* * *

Nyumbani alisema jalada halikupatikana. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake akaitamka sentensi hiyo, "Halikupatikana, mama," na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa, maana hata mwongo huumia.

Mama akamshika kichwa. "Basi, mwanangu. Karatasi hupotea. Usijitese kwa ajili ya karatasi. Ulivyokuwa unarudi na vumbi kichwani kila siku, mimi sikuona?"

Mama Pacha alisimama mlangoni na pini za kushonea mdomoni, akimtazama mumewe.

Jumatatu alipewa barua ya cheo. Alipouliza kuhusu nyumba, Mkuu wa Idara alimpigapiga bega. "Cheo chako ni kipya mno, bwana. Kwenye orodha ya vyeo vyenye stahili ya nyumba bado hakimo. Na wewe ndiye unayetufundisha: kisichokuwamo orodhani hakipo!" Akacheka mpaka akashika tumbo.

* * *

Walikuja kuwatoa Alhamisi iliyofuata, saa mbili asubuhi. Walikuwa askari mmoja wa Halmashauri na wapagazi wawili, watu wapole, wasiotaka ugomvi na mtu. Katika nyumba arobaini ilitolewa moja. Majirani walitoka kwenye baraza zao wakasimama, wengine wakasaidia kubeba. Vitanda, cherehani, meza ya pasi na sanduku la mama vilipangwa uani. Mama Pacha alikuwa ameazima mkokoteni, na dada yake alikuwa amekubali kuwapa chumba kimoja. Pacha walikuwa wamekalia godoro, wakidhani ni safari.

Ndipo karani wa kaunta akaja mbio kutoka barabarani, mkoba ukimpigapiga kiunoni. Alikuwa ameisikia habari njiani kuelekea kazini.

"Mama, kumetokea nini? Kwani ile barua waliikataa?"

"Haikuonekana, mwanangu," mama akasema. "Kaka yako alihangaika wiki tatu, maskini."

Karani akabaki mdomo wazi. Alimtazama bosi wake aliyekuwa ameshika mguu wa kitanda. Angeweza kunyamaza, na mtu mwenye kupenda kazi yake angenyamaza. "Ilionekana," akasema. "Nilimpa namba mimi. Jumanne ile ile mliyokuja. Nilimwona akilitoa."

Mpagazi mmoja aliweka chini ndoo aliyokuwa ameibeba.

"Ni kweli?" mama akauliza.

"Mama, kulikuwa na wageni. Fomu ilikuwa inataka neno, na mimi..."

"Sikuulizi fomu. Ulikuwa nayo mkononi?"

"Nilikuwa nayo."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Mama Pacha akageuka akaanza kuwapakia watoto mkokotenini. Mama Dobi alibaki amesimama, akimwangalia mwanawe tangu viatuni mpaka kola. Watu walisubiri laana, na wengine walikuwa wamekwisha kuinamisha vichwa wasiisikie. Haikuja. Alichofanya ni kuondoa mkono wake juu ya sanduku na kuwaambia wapagazi walipandishe.

Askari akakohoa. Alikuwa na karatasi yake ya makabidhiano, na huruma ilikuwa imemfanya awe na haraka. "Samahani, wazee wangu. Nahitaji mtu mmoja wa kusaini kushuhudia. Hapa wametaka nichague." Akasoma kwa kidole. "Ndugu wa mkaazi. Jirani. Mwakilishi wa Halmashauri." Akamtazama Bwana Orodha. "Wewe nikuweke wapi?"

Bwana Orodha akafungua mdomo.

"Huyu ni wa Halmashauri," mama akasema.

"Una hakika, mama? Mbona mnafanana."

"Kufanana hakumo kwenye karatasi yako. Weka alama."

Askari akaweka alama. Kalamu ikapelekwa kwa Bwana Orodha, naye akasaini, kwa sababu karatasi ilikuwa mbele yake na ilikuwa na mstari wa sahihi. Alipoinua macho mkokoteni ulikuwa umekwisha kufika kona, Mama Pacha na karani wakiusukuma, mama akitembea pembeni na kushikilia miguu ya meza isianguke. Alitaka kuwafuata. Lakini askari alikuwa amefunga mlango, na ufunguo alimkabidhi yeye, maana ufunguo hupelekwa ofisini na mwakilishi wa Halmashauri.